Jinsi ya Kuokoa Masomo ya Flash na Kuyahamishia kwenye Viwango Huria vya Wavuti

Adobe iliacha kuitunza Flash Player, programu iliyokuwa ikichezesha michoro inayosogea ndani ya kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikawa inakataa yenyewe kufungua faili za Flash. Nchini Uganda watu walikuwa na mambo mazito zaidi mbele yao siku hizo: uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 14 Januari, intaneti ilizimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13 na haikurejea hadi tarehe 18, na wanafunzi wengi walikuwa bado nyumbani kwa sababu ya korona. Kwa hiyo tukio hilo lilipita kimya. Shule zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, mwalimu aliyewasha mashine za maabara na kufungua masomo yake ya zamani ya baiolojia au jiografia alikuta kisanduku kitupu mahali palipokuwa na moyo unaopiga au mto unaotiririka.

Masomo hayo hayajapotea, kwa kuwa faili zake bado ziko kwenye diski. Zinachohitaji ni kutolewa kwenye miundo inayotegemea programu ya kampuni moja na kuwekwa kwenye miundo ambayo kila kivinjari kinaifahamu chenyewe. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa ajili ya mwalimu wa kompyuta, mkutubi au fundi wa shule, awe Gulu, Mbale au Kasese, ambaye ana mashine za zamani na intaneti ya kununua kwa kifurushi, na ambaye angependa kazi hii aifanye mara moja, asije akalazimika kuirudia baada ya miaka kumi.

Kilichokufa na kilichochukua nafasi yake

Vivinjari vya mwanzo vilijua kuonyesha maandishi, picha na viungo, na si zaidi ya hapo. Mwaka 1995 Netscape Navigator 2.0 ilifungua mlango wa programu-jalizi, yaani programu ya kampuni nyingine inayochomekwa ndani ya kivinjari ili kionyeshe kitu ambacho chenyewe hakikijui. Mwaka huo huo zikaja apuleti za Java, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa. Mwaka 1996 Microsoft ikaleta ActiveX, njia yake ya kuchomeka programu kwenye Internet Explorer, na Macromedia ikanunua FutureSplash na kuipa jina la Flash, ambayo iliingia mikononi mwa Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005. Silverlight ya Microsoft, iliyofanya kazi kama ya Flash, ilifuata mwaka 2007. Ni haki kukiri kwamba Flash ilifanya kazi ambayo viwango vya wakati huo havikuiweza: ilimwezesha mchoraji asiyejua kuandika msimbo atengeneze somo linalosogea na kusikika, likaonekana sawasawa kwenye kila kompyuta yenye kichezeshi chake.

Tatizo lilikuwa la umiliki. Faili ya SWF, yaani somo la Flash lililokamilika, ilihitaji kichezeshi hicho, na uamuzi kwamba kitafanya kazi kwenye kifaa fulani au hakitafanya haukuwa wa mwenye somo wala wa mwenye kifaa. iPhone haikuwahi kuikubali Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs alichapisha barua ya wazi kueleza kwa nini. Novemba 2011 Adobe yenyewe ikatangaza kwamba haitaendelea kuitengeneza kwa ajili ya vivinjari vya simu. Kwa nchi kama Uganda, ambako watu wengi waliingia kwenye intaneti kwa mara ya kwanza kwa kutumia simu, huo ndio uliokuwa mwisho wenyewe, ingawa kwenye kompyuta za maabara Flash iliendelea kwa miaka tisa zaidi na kutufanya tuamini kwamba bado iko hai.

Wakati huo viwango huria vilikuwa vinakua. SVG, muundo wa michoro inayoandikwa kwa maandishi, ilipitishwa na shirika la W3C mwaka 2001. WebGL, inayochora vitu vya pande tatu, ilitoka mwaka 2011. HTML5, iliyoleta video, sauti na turubai ya kuchorea ndani ya kivinjari chenyewe, ilipitishwa tarehe 28 Oktoba 2014, na miezi michache baadaye, Januari 2015, YouTube ikaifanya kuwa njia yake ya kawaida ya kuonyesha video. WebAssembly, inayowezesha programu nzito kuendeshwa ndani ya kivinjari, ilipitishwa Desemba 2019. Maandiko ya viwango hivi yako hadharani. Mtu yeyote anaweza kuyasoma bila malipo na kutengeneza kivinjari kinachoyafuata, na hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja na kuvizima.

Usitafute Flash ya zamani

Jambo la kwanza ambalo wengi hulijaribu ni kutafuta toleo la zamani la Flash Player na kulisakinisha upya. Nawasihi walimu waiache njia hiyo. Tovuti nyingi zinazotoa matoleo hayo hutoa pia virusi, na hata toleo halisi lina mianya ya usalama ambayo hakuna anayeiziba tena. Chrome na Firefox zilikwisha kuondoa sehemu yenyewe iliyokuwa ikiipokea Flash, na tangu mwaka 2021 masasisho ya Windows nayo huifuta Flash iliyokuja na mfumo. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ililazimika Januari 2021 kutoa kivinjari chake maalumu kwa sababu baadhi ya fomu zake za kodi zilikuwa bado za Flash. Taasisi yenye wahandisi na bajeti inaweza kujinunulia muda kwa namna hiyo. Shule haina uwezo huo, na hata ingekuwa nao, mwisho wa siku faili zingebaki zilivyokuwa.

Anza kwa orodha

Kabla hujabadilisha chochote, jua ulicho nacho. Kusanya diski, CD na kompyuta zote zenye masomo, nakili kila kitu kwenye diski moja ya nje, na usiguse nakala hiyo tena. Kisha tafuta faili zinazohusika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda ya masomo na uandike:

dir /s /b *.swf *.flv *.fla *.xap *.jar *.wmv > orodha.txt

Faili ya orodha.txt itakuwa na njia ya kila faili iliyopatikana. Ifungue kwenye jedwali la LibreOffice Calc, na kando ya kila faili andika mambo matatu: somo linafundisha nini, bado liko kwenye mtaala au limeondolewa, na mwenye hakimiliki ni nani. Safu hiyo ya pili ndiyo inayopunguza kazi kuliko zote. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na masomo mengi ya CD za zamani yalitengenezwa kwa mtaala mwingine au hata kwa nchi nyingine. Somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifundisha halina haja ya kuhamishwa. Waite walimu wa masomo husika waamue, kwa sababu fundi wa kompyuta hawezi kujua ni mchoro gani wa figo unaoeleweka na upi unaowachanganya wanafunzi.

Faili zinazoishia na herufi fla zitunze kuliko zote. Hizo ndizo chanzo, yaani mchoro kama ulivyokuwa mezani kwa aliyeuchora, ilhali SWF ni matokeo yaliyokwisha kufungwa. Mwenye fla anaweza kuifungua kwenye Adobe Animate, ambayo ndiyo jina jipya la Flash Professional tangu mwaka 2016, na mara nyingi akatoa toleo la HTML5 bila kuchora upya, ingawa msimbo wa vitufe na mazoezi utahitaji kuandikwa tena. Ikiwa somo lilitengenezwa na mtu unayemfahamu, mpigie simu kabla ya kuanza kazi yoyote nyingine. Huenda chanzo kiko kwenye kompyuta yake.

Zipo pia faili za exe ambazo zina kichezeshi cha Flash ndani yake. Hizo bado hufunguka kwenye Windows, na kwa sababu hiyo husahaulika. Ziingize kwenye orodha hata hivyo, kwa kuwa hazitafunguka kwenye simu wala kwenye kompyuta ya Linux.

Kuhusu hakimiliki, Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya kufundishia, lakini kugeuza somo la mtu mwingine na kulisambaza kwa shule nyingine ni jambo jingine. Omba ruhusa kwa maandishi.

Video na sauti

Hii ndiyo sehemu rahisi. Faili za FLV na WMV hugeuzwa kwa programu huria iitwayo ffmpeg, kwa amri moja:

ffmpeg -i somo.flv -c:v libx264 -crf 26 -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:480 -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart somo.mp4

Amri hii hutoa video ya MP4 yenye kimo cha mistari 480 na sauti ya mkondo mmoja, ambayo inatosha kwa mwalimu anayeeleza ubaoni. Namba iliyo baada ya crf huamua ubora: ukiipandisha faili hupungua, ukiishusha picha husafika. Kipande cha faststart huweka maelezo ya faili mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Ikiwa video ya awali ina kimo cha chini ya mistari 480, ondoa sehemu ya scale, kwa sababu kuikuza hakutaongeza chochote ila ukubwa wa faili.

Kisha iweke kwenye ukurasa hivi:

<video src="somo.mp4" controls preload="none" poster="somo.jpg" width="640"></video>

Usiondoe neno preload. Bila hilo baadhi ya vivinjari huanza kuvuta sehemu ya video kabla mtu hajabofya, na tangu Julai 2021 mtumiaji wa Uganda hulipa ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya data. Kila megabaiti inayovutwa bila kuombwa inatoka mfukoni mwa mzazi.

Wapenda viwango huria watauliza kwa nini nimependekeza H.264, kodeki (njia ya kubana video) inayotumiwa na amri hiyo, ambayo ina hataza, badala ya VP9 au AV1 ambazo hazidai malipo. Sababu yangu ni simu. Simu ya bei nafuu ya miaka kadhaa iliyopita huchambua H.264 kwa chipu maalumu, ilhali AV1 ingeichosha betri na kukwamakwama. Tunza faili ya awali, na siku simu za wanafunzi zitakapokuwa tayari, toa upya kwa kodeki iliyo huru kabisa.

Michoro inayosogea na mazoezi

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Mchoro wa Flash una picha, sauti, mpangilio wa muda na msimbo, vyote ndani ya faili moja, na hakuna amri moja inayoutafsiri wote vizuri. Zipo njia mbili, na kosa kubwa ni kuchagua moja na kuilazimisha kwa kila somo.

Njia ya kwanza ni kuiacha SWF kama ilivyo na kuiendesha kwa Ruffle. Hii ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huigiza kichezeshi cha Flash ndani ya kivinjari kwa kutumia WebAssembly, bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Internet Archive, maktaba ya kidijitali ya mtandaoni, iliichagua Novemba 2020 kwa ajili ya hifadhi yake ya michoro ya Flash. Pakua kifurushi chake cha wavuti, kiweke kwenye folda ya ruffle kando ya kurasa zako, na uongeze mstari huu kwenye kila ukurasa:

<script src="ruffle/ruffle.js"></script>

Ruffle itazitambua yenyewe sehemu za ukurasa zilizokuwa zikiita Flash na kuchukua nafasi yake. Masomo yaliyoandikwa kwa ActionScript (lugha ya msimbo ya Flash) 1 na 2, ambayo ni mengi miongoni mwa yale ya kabla ya mwaka 2006, kwa kawaida hufanya kazi vizuri. Yale ya ActionScript 3 hutofautiana: mengine hukamilika, mengine hukwama katikati. Ili kujua somo lako ni la kundi gani, lifungue kwa JPEXS Free Flash Decompiler, programu huria inayoonyesha vipande vilivyo ndani ya SWF. Ukiona vipande vyenye jina DoABC ni ActionScript 3, ukiona DoAction ni ya zamani zaidi. Hata hivyo jaribio la kweli ni kulicheza somo lote kutoka mwanzo hadi mwisho, ukibofya kila kitufe na kujibu kila swali, majibu sahihi na yasiyo sahihi, kwa sababu kasoro hujificha kwenye matawi ambayo mtu mwenye haraka hayafiki.

Ruffle ni msaada mkubwa, nami ninawashukuru wanaoijenga. Lakini inaokoa sura ya somo tu. Maandishi bado yamefungwa ndani ya SWF, vitufe bado ni vidogo mno kwa kidole kwenye simu, na programu inayomsomea skrini mwanafunzi asiyeona haitapata cha kusoma. Kwa masomo yanayotumika mara moja kwa mwaka hilo linatosha. Kwa masomo ambayo ni uti wa mgongo wa muhula, yale ambayo mwalimu huyarudia kila mwaka na kila darasa, chukua njia ya pili: yajenge upya.

Kujenga upya si lazima kuwe kugumu kama kunavyosikika, mradi uanze na lengo la somo badala ya sura yake. Tuchukue mfano wa somo linaloonyesha jinsi maji yanavyozalisha umeme, na tulihamishie kwenye bwawa la Nalubaale pale Jinja, lililozinduliwa mwaka 1954, ambalo mwanafunzi wa Uganda amelisikia tangu utotoni. Andika kwanza sentensi moja: mwanafunzi aone kwamba lango likifunguliwa zaidi, maji mengi zaidi hupita kwenye turbini, na umeme huongezeka. Kila kitu kwenye SWF ya zamani ambacho hakisaidii sentensi hiyo, kama vile muziki wa kufungulia, nembo inayozunguka na mhusika wa katuni anayepunga mkono, kiache.

Sasa fungua SWF kwa JPEXS na utoe maumbo yake kama SVG: ukuta wa bwawa, lango, turbini, jenereta. Yapange kwenye Inkscape, programu huria ya kuchora ambayo SVG ndiyo lugha yake ya asili, na kila sehemu uipe kitambulisho kinachoeleweka, kama lango au turbini. Vitambulisho hivyo ndivyo utakavyovitumia kuziamrisha sehemu zisogee. Maelezo yaandike kama maandishi halisi ya SVG, usiyageuze kuwa michoro. Mzunguko wa turbini huandikwa kwa mistari michache ya CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, na badala ya kitufe kilichochorwa tumia kitelezi cha kawaida cha HTML, aina inayoitwa range, ambacho kivinjari chenyewe kinajua kukifanya kiguswe kwa kidole, kisogezwe kwa kibodi na kisomwe kwa sauti. Mistari isiyozidi ishirini ya JavaScript, lugha ya msimbo ya vivinjari, inatosha kuunganisha kitelezi na kasi ya turbini, kimo cha lango na namba ya umeme inayoonyeshwa. Faili zote kwa pamoja zinaweza kuwa ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu.

Matokeo yake yana faida ambayo SWF haikuwa nayo kamwe: yanaweza kusomwa. Mwanafunzi wa S3 (mwaka wa tatu wa sekondari) mwenye udadisi anaweza kuufungua msimbo wa ukurasa, akaona namba inayoamua kasi ya turbini, akaibadilisha na kutazama kinachotokea. Mwalimu wa shule jirani anaweza kubadilisha maneno bila kumwomba mtu yeyote faili ya chanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na tangu hapo hitaji la vifaa vya kufundishia kwa Kiswahili limekuwa dhahiri; mchoro ambao maandishi yake ni maandishi unaweza kuwa wa Kiswahili leo, wa Kiluganda kesho, wa Kiacholi mwezi ujao, kwa kubadilisha mistari michache. Katika SWF iliyofungwa, kazi hiyo hiyo ilimlazimu mtu atafute programu ya kulipia na chanzo ambacho huenda hakipo tena.

Kabla ya kujenga lako, angalia kama limekwisha kujengwa. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, ulikuwa na majaribio ya kuigiza ya fizikia, kemia na hisabati yaliyoandikwa kwa Java na Flash, nao umekuwa ukiyaandika upya kwa HTML5. Mengi yanaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti, na baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Kwa mazoezi ya kuchagua jibu, kujaza nafasi au kuburuta majina kwenye mchoro, usiandike msimbo kabisa: tumia H5P, ambayo hutoa mazoezi ya HTML5, pamoja na programu ya Lumi inayokuwezesha kuyaandaa kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Mazoezi ya H5P huingia pia kwenye Moodle, mfumo ambao Chuo Kikuu cha Makerere kinautumia kwa masomo yake ya mtandaoni.

Java, Silverlight na ActiveX

Apuleti za Java zilipoteza kivinjari kimoja baada ya kingine: Chrome iliacha kuzipokea Septemba 2015, Firefox Machi 2017, na Oracle, mmiliki wa Java, ikaiondoa programu-jalizi yenyewe katika Java 11 ya mwaka 2018. Kama una msimbo chanzo wa Java, fomula zilizomo zinahamia JavaScript kwa urahisi. Sura ndiyo inayoandikwa upya. Kama huna, CheerpJ inaweza kuendesha apuleti ndani ya kivinjari kwa njia ya WebAssembly, lakini ni bidhaa ya kibiashara, hivyo soma leseni yake kwanza. Silverlight ilifikia ukomo tarehe 12 Oktoba 2021. Faili yake ya xap ni kifurushi cha zip, kwa hiyo ifungue, toa picha zilizomo, geuza video zake za WMV kwa ffmpeg na jenga ukurasa mpya. ActiveX iko zaidi kwenye mifumo ya ofisi kuliko darasani. Microsoft Edge ina hali ya kuigiza Internet Explorer ambayo Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi mwaka 2029, na muda huo utumike kudai mfumo mpya kutoka kwa aliyeuuza ule wa zamani.

Kusambaza na kujaribu bila intaneti

Ukifungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kivinjari kitazuia Ruffle na baadhi ya misimbo kwa sababu za usalama. Masomo yanahitaji seva, lakini seva hiyo inaweza kuwa kompyuta moja ya maabara. Ndani ya folda ya masomo andika:

python3 -m http.server 8000

Kompyuta nyingine zilizo kwenye mtandao wa ndani wa shule zitafungua masomo kwa anwani ya kompyuta hiyo ikifuatwa na nukta mbili na 8000, bila kutumia hata baiti moja ya kifurushi. Kwa matumizi ya kila siku weka seva ya kudumu kama nginx, na uhakikishe inatangaza faili za wasm (za WebAssembly) kwa aina ya application/wasm, la sivyo Ruffle huchelewa kuanza. Kila faili ambayo ukurasa unaihitaji, zikiwemo fonti na maktaba za JavaScript, iwe ndani ya folda hiyo. Ukurasa unaoita fonti kutoka seva ya mbali utaonekana mzima mjini, kisha ukavunjika kule Karamoja.

Jaribu kwenye mashine dhaifu kuliko zote ulizo nazo. Kompyuta ya Windows 7 inaishia kwenye Chrome 109 na Firefox 115, na zote mbili zinafahamu kila kiwango kilichotajwa hapa, kwa hiyo huna sababu ya kuitupa. Kinachoweza kuisumbua ni uzito wa Ruffle kwenye michoro mikubwa. Jaribu pia kwenye simu ya Android yenye kumbukumbu ndogo. Wapo wanaotumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data kupita kiasi, ambayo huchakata ukurasa kwenye seva ya mbali na kuua mwendo wowote. Kwa ajili yao, chini ya kila mchoro weka picha tuli na aya moja inayoeleza kile ambacho mchoro ungeonyesha. Aya hiyo ndiyo pia itakayomfaa mwanafunzi asiyeona, na mwalimu ambaye umeme umekatika akiwa katikati ya somo.

Unapokubali masomo mapya

Kazi hii yote ingeweza kuepukwa kama mikataba ya kununua masomo ya kidijitali ingeandikwa kwa uangalifu zaidi, na bado zinauzwa programu za kufundishia zinazofunguka kwenye aina moja tu ya kompyuta. Shule, wilaya au shirika linalolipia masomo lina haki ya kuweka masharti kabla ya kutoa fedha. Sharti la kwanza ni kwamba masomo yafunguke kwenye vivinjari viwili vya watengenezaji tofauti bila kusakinisha kitu cha ziada. La pili ni kwamba faili za chanzo zikabidhiwe pamoja na masomo: michoro kwa SVG, video kwa ubora wa awali, msimbo usiobanwa. La tatu ni kwamba maandishi yote yawe kwenye faili inayoweza kuhaririwa na mtafsiri asiyejua msimbo. La nne ni leseni ya maandishi inayoiruhusu shule kurekebisha masomo hayo na kuyahamisha tena siku itakapohitajika, hata kama muuzaji amefunga biashara.

Siku ya kupokea, usiridhike na onyesho kwenye kompyuta ya muuzaji. Nakili masomo kwenye seva ya shule, chomoa waya wa intaneti, kisha yafungue kwenye kompyuta ya maabara yenye Firefox na kwenye simu ya mwalimu mmojawapo iliyounganishwa na mtandao wa ndani pekee. Mwombe mwalimu wa somo hilo, si fundi, acheze sura moja hadi mwisho. Somo likikwama au likidai kitu kutoka nje, litaje kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kutia sahihi.